Beki wa Kushoto Aliyesifiwa Mkono

Watu wakiniuliza mpira nilianzia wapi, nawaambia nilianzia kwenye kabichi, nao hudhani natania. Sitanii. Kwetu ni juu ya Uyole, kwenye milima ya Uporoto, ambako mwezi wa saba watu hawavui koti mpaka saa nne asubuhi. Huko kila mtu ana viazi na kila mtu ana kabichi, na Fuso la mnunuzi likifika halina subira. Linaegeshwa barabarani, shamba liko chini ya barabara, na kabichi zinatakiwa zipande. Mmoja anakaa juu ya mzigo anadaka, mwingine anasimama chini anarusha, moja moja, mpaka gari lijae. Aliyekuwa juu ni baba. Aliyekuwa chini ni mimi.

Wengi hurusha kabichi kutoka kiunoni, kama mtu anayemwaga maji. Mimi nilikuwa mfupi na mteremko wetu ni mkali, kwa hiyo nilizoea kuipeleka nyuma ya kisogo kwa mikono miwili, nakunja mgongo, naiachia, na mguu wa nyuma unaruka wenyewe. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Kabichi ikimfika kifuani alidaka akanyamaza. Ikimfika magotini alisema, "Amka." Ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa kwanza wa mazoezi, na mpira wenyewe hakuupenda hata kidogo. Alikuwa mzee wa kanisa, Mmoraviani wa kweli, na mechi za kijiji zilichezwa Jumapili. Alisema mtu mzima anayekimbiza kitu, akishakipata anakipiga tena kiende, huyo ana shida kichwani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja kama yalivyokuja, sina haja ya kuyaeleza. Timu ya kijiji ilikuwa kwenye ndondo, yale mashindano ya mtaani ambayo mshindi hupata mbuzi na maneno ya kujisifia mwaka mzima. Beki wao wa kushoto alikuwa amekwenda kuzika kwao Rungwe. Namba tatu ni nafasi ambayo hakuna mtoto anayejichagulia. Wote wanataka kufunga. Mimi nilipewa kwa sababu natumia mguu wa kushoto na kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Mpira ukatoka nje upande wangu, karibu na kona ya wapinzani. Nikauokota, nikaupeleka kisogoni, nikauachia kama ninavyomrushia baba. Ulipita juu ya watu wote ukaenda kuanguka mbele ya goli. Kipa wao hakuutegemea, na mshambuliaji wetu pia hakuutegemea, ukamgonga kichwani ukaingia. Watu wakavamia uwanja. Mara ya pili nikarusha mbali zaidi, na kabla mpira haujatua refa akapuliza filimbi: amerusha vibaya. Mara ya tatu vilevile. Sheria inataka miguu yote miwili iguse ardhi wakati wa kurusha, na mguu wangu wa nyuma ulikuwa hewani. Baadaye niligundua kwamba nusu ya vijana wa milima ile hurusha hivyohivyo, kwa sababu wote tumepakia kabichi, na marefa wa mjini wanatujua. Wakiona timu ya Uporoto, filimbi iko mdomoni tayari.

Siku hiyo nilipata sifa ya mkono, lakini kilichoniingia moyoni kilikuwa kitu kingine. Kipindi cha pili winga wao, kijana mwenye mbio za swala, alinijia mara nyingi na hakunipita. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia shambani wala darasani. Nikaamua palepale kwamba nitapanda madaraja yote, ndondo, wilaya, mkoa, la pili, la kwanza, mpaka Ligi Kuu, na nitapanda nikiwa beki. Watu wengine walishaamua kwamba mimi ni mkono. Maisha yangu yote ya mpira yamekuwa ubishi huo mmoja.

Kwanza lakini ilibidi nirekebishe kosa. Nilichukua buti za mvua za baba, nikazijaza udongo uliolowa, nikaingiza miguu humo, nikasimama nyuma ya banda la ng'ombe nikirusha mpira ukutani. Kwa uzito ule mguu haukuwa na njia ya kupaa. Nilifanya hivyo jioni baada ya jioni masika yote. Buti moja ikapasuka, na baba alipoiona akaniuliza kama hiyo ndiyo faida ya mpira. Mguu ulikuwa umeshajua kukaa chini.

Ligi ya wilaya nilichezea Chunya, timu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mwenye shimo mmoja ndiye aliyekuwa akiilisha, na aliipenda kuliko alivyowapenda ndugu zake, kwa maneno ya ndugu zake wenyewe. Kule uwanja hauna jani hata moja, ni vumbi jekundu linalokuingia mpaka kwenye meno. Watazamaji husimama juu ya chaki, vidole vya miguu viko ndani ya uwanja, na mchezaji wa timu ngeni akitaka kurusha hawasogei. Kurusha mbali kunahitaji hatua za kukimbilia. Kwenye mechi za ugenini kule machimboni sikuwa na nafasi ya hatua hata moja. Mara nyingine mgongo wangu uliegemea tumbo la mtu anayenitukania mama. Nikajifunza kurusha nikiwa nimesimama tu, kwa kiuno na mgongo, na matusi nikayaacha yapite.

Chunya ndiko nilikojifunza pia kukaba. Kwenye ardhi ile mpira hudunda kwa hasira zake, na beki anayejitupa chini ananyanyuka bila ngozi. Kwa hiyo sikujitupa. Nilijifunza kusimama kwa miguu yangu, kumwacha winga afanye madoido yake yote, kumsubiri. Winga ni mtu asiyependa kusubiriwa. Mwisho anasukuma mpira mbele kidogo kuliko alivyotaka, na hapo ndipo mimi naishi. Kazi hiyo niliipenda sana, na hakuna aliyeishangilia. Nikirusha mpira mmoja tu ukafika golini, uwanja mzima unaniimba kwa jina la mboga, Kabichi.

Msimu uliofuata nikawa ligi ya mkoa, Mbeya mjini, na baada ya hapo nikaitwa Iringa, timu ya daraja la pili. Siku hizi madaraja haya yamepewa majina ya Kizungu, lakini sisi bado tunayaita kama tulivyoyakuta. Timu ilitupangia nyumba Ipogolo, kule bondeni kwenye joto, na uwanja wa mazoezi ulikuwa mjini juu. Wenzangu walipanda gari. Mimi nilipanda kilima cha Ipogolo kwa miguu, mbio, kila asubuhi, sambamba na malori yanayolia kwa gia ndogo. Makondakta walinipungia mkono. Wengine waliniuliza kama nimefukuzwa.

Chumba nililala na kipa wetu, Mhehe wa Ruaha Mbuyuni, kwao wakulima wa vitunguu. Alikuwa mrefu, mvivu wa kuamka, mwepesi wa kucheka. Aliniambia kabichi siyo mboga, ni maji yaliyofungwa kwenye majani, na mimi nikamwambia kitunguu ni chakula pekee ambacho mpishi analia kabla mlaji hajalia. Tuligombana hivyo kila siku, na kila siku tulikula sahani moja. Ndoto yetu ilikuwa moja pia. Yeye alikuwa ameshapita timu nyingi za daraja hilohilo, zote zimeishia mlangoni, na aliniambia mwaka huu tusipopanda anarudi kumwagilia vitunguu.

Kocha wetu alikuwa mtu wa Njombe, mpole mpaka anakera. Hakupaza sauti, hakutukana, alikuwekea mkono begani akakwambia jambo la kukuua. Miezi ya kwanza yote aliniweka benchi. Mechi ikielekea mwisho na hatujapata goli, alinigeukia akasema, "Baba, kapashe misuli." Naingia, narusha mara mbili tatu, filimbi inalia, nakwenda kuoga mwili ukiwa mkavu. Magoli yalipatikana. Redio ya mjini ilinitaja. Nami nilikuwa naiva kwa hasira kama chungu kilichosahauliwa motoni.

Siku moja baada ya mazoezi nilimfuata. Nikamwambia nashukuru kwa kuniamini, lakini nimekuja Iringa kucheza beki.

"Kocha, mimi siyo mkono," nikasema. "Nina miguu pia."

Akaweka ule mkono wake begani kwangu. "Beki wewe ni mzuri wa ndondo," akasema. "Mkono wako ndio wa daraja la pili. Sasa unataka nichezeshe kipi?"

Nilitaka kumjibu vibaya, na nina ulimi wa kutosha kwa kazi hiyo. Nikajizuia. Nilishuka mpaka Ipogolo kwa miguu nikiongea peke yangu, watu wananipisha njia. Kesho yake nikamwomba winga wetu wa kulia, mwenye kasi kuliko wote, abaki baada ya mazoezi anishambulie mmoja kwa mmoja. Akakubali kwa sababu alipenda kumdhalilisha beki yeyote aliyejitolea. Mwezi wa kwanza alinidhalilisha sawasawa. Mwezi wa pili akaanza kusema amechoka. Kocha alikuwa akituona kutoka kwenye gari.

Hata kamati ya ufundi iliutaka mkono. Asiyejua mpira wetu nitamwambia kwamba kila timu ina kamati hiyo, haiandikwi popote, na ufundi wenyewe si wa mazoezi, ni wa uganga. Tulipokwenda ugenini wao ndio walioamua tuingie uwanjani kwa kuruka ukuta badala ya kupita getini, na sote, Walutheri kwa Wakatoliki, tuliruka. Kabla ya mechi moja mzee wao aliingia kwenye basi letu na chupa yenye mafuta meusi, akataka anipake viganja. Nikamwambia mimi mtoto wa mzee wa kanisa, baba akisikia atashuka Iringa na Fuso. Kipa akauinua mguu wangu, akasema, "Mzee, basi mpake miguu, huyo ndiyo anayolalamikia." Basi zima likacheka. Mimi pia nilicheka, ingawa maneno hayo yaliniuma.

Mechi ya mwisho ya msimu tulikuwa nyumbani, na tulihitaji kushinda ili tupande daraja la kwanza. Beki wetu wa kushoto alikuwa na kadi zilizomfungia mechi ile. Asubuhi kocha alikuja chumbani kwetu mwenyewe, akakuta kipa bado amejifunika, akaniambia, "Leo unaanza." Kipa akasema kutoka ndani ya blanketi kwamba sasa goli lake limekwisha, ni bora alale.

Wapinzani walinijua. Kila nilipookota mpira wa kurusha walirudi wote langoni na kuweka mtu mrefu mbele yangu, anarukaruka na kupunga mikono. Kipindi cha kwanza nilirusha wakaondoa, nikarusha wakaondoa. Winga wao alikuwa hatari, lakini nilimsubiri kama nilivyosubiri watu Chunya, na kila alipopoteza mpira nilisikia kipa akigonga mwamba kwa furaha nyuma yangu. Kipindi cha pili, uwanja mzima ukinipigia kelele nirushe, niliona wote wamejazana golini na kiungo wetu amesimama peke yake karibu nami. Nikampa kwa mkono, taratibu, kama mtu anayempa jirani chumvi. Akanirudishia. Nikawa na mpira mguuni na nafasi mbele yangu, nikakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, nikaupiga kwa kushoto ukaenda kwenye kichwa cha mshambuliaji wetu. Goli.

Tulishinda kwa hilo. Tulizungushwa mji mzima juu ya lori, tukateremka mpaka Ipogolo, tukapandishwa tena. Kocha alikaa mbele na dereva, akifuta macho na kusema ni vumbi. Nikampigia simu baba.

"Ulirusha?" akauliza.

"Nilicheza, baba. Mwanzo mpaka mwisho. Tumepanda daraja."

Akasema, "Pole kwa kazi, baba." Neno hilo, kazi, alikuwa hajawahi kuliweka karibu na mpira. Nililia waziwazi juu ya lori, na watu wakadhani nalilia timu.

Tukaenda nyumbani kupumzika, tukiwa tumeambiwa tutaitwa msimu ukikaribia. Nilisikia redioni, nikiwa napalilia viazi, kwamba timu ile imeuzwa. Kwenye mpira wetu hilo hutokea. Mtu anamiliki timu, timu inapanda, anakuja mwenye uwezo zaidi anainunua na nafasi yake ya ligi, anaibadilisha jina na rangi, anaihamishia anakotaka. Huyu mnunuzi aliihamishia Mbeya mjini. Kocha wetu alipigiwa simu akashukuriwa. Wachezaji tuliambiwa atakayehitajika atatafutwa, wengine tutakutana uwanjani kama watazamaji.

Simu haikuja. Wiki zikapita, na kutoka shambani kwetu, siku isiyo na ukungu, niliuona mji ambako timu niliyoipandisha ilikuwa inafanya mazoezi bila mimi. Watu wa kwetu wakaniletea methali, mcheza kwao hutunzwa, timu imekufuata nyumbani, nini tena unataka? Nilitamani kuwarushia kabichi.

Jioni moja tulikuwa tunafunga magunia, baba akaniuliza kinachoendelea. Nikamweleza yote, kwa hasira, nikitegemea aseme kwamba alinionya. Akaacha kufunga. Akaniuliza mara mbili kama nimeelewa vizuri, kwamba wamepanda daraja lakini waliocheza hawamo. Nikamwambia ndivyo.

"Kwa hiyo mtu amelima, amepalilia, mwingine ameuza shamba na mazao yakiwa ndani," akasema. "Na wewe umekaa hapa unafunga viazi vyangu?"

"Hawajaniita, baba."

"Nimesikia. Nenda."

Nikampigia kipa, nikamwambia twende wote, timu inafanya majaribio ya wazi kwa vijana, tuingie humo. Alikuwa Ruaha Mbuyuni, nilisikia mashine ya maji ikinguruma nyuma yake. Akakataa. Akasema yeye hawezi kwenda kuomba kilicho chake. Nikambembeleza, nikamtania, nikamkasirikia. Akabaki palepale. Sikumlaumu. Ana fahari yake, na mimi nina ukaidi wangu, na ukaidi huvumilia aibu zaidi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikajiambia, nikachukua viatu.

Uwanjani nilikuta vijana wamejaa kama siku ya mnada. Kocha mpya alikuwa mtu wa kuja, hakutujua hata mmoja. Lakini meneja alikuwa ameniona Iringa, akaninong'onezea kwamba nina bahati. Alikuwa ameshamwambia kocha kuna kijana anarusha mpira kama kona, na kocha amependa, anaweza kunisajili kwa hilo peke yake, niwe naingia mwishoni. "Warushie mara tatu tu," akasema, "halafu uende nyumbani ukalale. Nafasi unayo."

Nilikaa chini kufunga viatu na nilivifunga muda mrefu. Mlango wa daraja la kwanza ulikuwa wazi na aliyeufungua ni mkono. Nikirusha, nimepata kazi, na nitakuwa kijana wa dakika za mwisho mpaka mgongo uchakae. Nisiporusha, kuna mabeki wa kushoto wengine mle, wengine wadogo kwangu, wengine wana watu wao. Nikaogopa kweli. Nikasimama nikaingia.

Mpira wa kwanza wa kurusha ukaja karibu kabisa na goli lao. Meneja akasimama. Nikampa mwenzangu wa karibu, miguuni. Wa pili nikafanya hivyohivyo. Wa tatu vijana wote wakaniambia rusha, bwana, rusha, meneja akashika kichwa, na mimi nikampa kiungo mpira mfupi nikakimbia nipokee. Upande wangu walikuwa wameweka winga ambaye tayari ana mkataba, mchezaji wa kulipwa kutoka nje ya mkoa, mwenye dharau kidogo. Alinipita mara moja mwanzoni, nikamfukuza mpaka nikaupata mpira tena. Baada ya hapo nikasimama kwa miguu yangu na kumsubiri. Akacheza madoido yote aliyokuwa nayo. Akahamia upande wa pili wa uwanja bila kuambiwa na mtu.

Mwisho kocha akanipungia nimfuate kando. Meneja alikuwa pembeni yake, amenuna.

"Huyu ananiambia unarusha mbali sana," kocha akasema. "Mbona hukurusha?"

"Nilitaka unione nikicheza kwanza, mwalimu."

Akaniangalia muda mrefu kidogo, kuanzia viatu mpaka uso, viatu vyangu vimefumuka pembeni.

"Nimekuona," akasema. "Njoo kesho asubuhi na mabeki. Hayo ya kurusha tutaongea siku nyingine."

Nikasema asante mara nyingi kuliko inavyofaa. Nikaondoka mpaka nyuma ya jukwaa, mahali wanapouza mihogo, nikakaa juu ya kreti ya soda, nikajifunika uso kwa mikono. Mama wa mihogo akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimepata kazi. Akanipa kipande.

Baba nilijua nitamweleza ana kwa ana. Nikampigia kipa. Alipokea akiwa shambani, na nilipomweleza yote, jinsi nilivyokataa kurusha na jinsi kocha alivyosema, hakunikatiza kwa utani hata mara moja, jambo ambalo si la kawaida yake. Nikamaliza kwa kumwambia kwamba katika wote tuliokuwa juu ya lori siku ile Iringa, aliyeingia ni mimi tu, na kwamba naona aibu kufurahi.

Nikasikia ameizima mashine ya maji.

"Namba tatu wamekupa?" akauliza.

"Namba tatu."

"Basi tumepanda," akasema. Akaanza kuwaita ndugu zake waliokuwa wanapalilia, kwa Kihehe, kwa sauti ya kipa anayepanga mabeki wake, akiwaambia waache majembe waje wasikie, timu yake iko daraja la kwanza.